Baiskeli ya zamani: kipuri kipi ubaki nacho na kipi ubadilishe (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Haya majibu yanahusu zile baiskeli kubwa za chuma tunazozijua wote, Raleigh, Humber, Rudge, BSA, na ndugu zake wa baadae kina Phoenix, Hero na Avon, zile ambazo Kenya wanaziita black mamba. Baiskeli za milimani na za mashindano za siku hizi zina mambo yake, hapa hazimo.

Nimeachiwa Raleigh ya babu, imekaa stoo miaka na miaka. Nianze na nini?

Usianze na spana, na dukani usiende kwanza. Itoe nje kwenye mwanga, ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, ipige picha kila upande, hasa pale vyuma vya breki vinapopita na pale waya wa giya unapoingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu), sababu ukishafungua ndo utaanza kuulizana na watu kilikaaje. Halafu igeuze juu chini, zungusha kila kinachozunguka, tikisa kila kinachotikisika, na andika pembeni. Hiyo karatasi ndio itakuambia ununue nini.

Nasema hivi kwasababu watu wengi wakiona kutu wanaona uchafu wa kutupa. Fundi anaambiwa "badilisha kila kitu" na yeye anabadilisha kweli, kinatoka chuma kizito cha Nottingham, Uingereza, walikotengeneza Raleigh, kinaingia kibati ambacho mvua za masika tu zinakimaliza, na vile vya zamani vinaenda kwa muuza vyuma chakavu kwa kilo. Inauma kweli, maana nusu ya vile vilivyotupwa vilikuwa vinahitaji mafuta ya taa, brashi na grisi mpya tu.

Sasa nitajuaje kipi kibaki na kipi kitoke?

Kila kipuri kiulize mambo mawili. La kwanza: hiki kikikatika niko kwenye mwendo, naanguka au nasimama tu? La pili: kikiendelea kulika hivi hivi, kinakula na mwenzake?

Foki (uma unaoshika gurudumu la mbele), shingo ya usukani, usukani wenyewe, breki, kotapini (pini inayofunga krenki, yaani mkono wa pedeli, kwenye ekseli), tairi ya mbele, hivi vikifeli unaanguka, kwahiyo hapo shaka kidogo inatosha kubadilisha, usihurumie historia. Cheni ikikatika unasimama, lakini cheni iliyolegea inakula meno ya sproketi, kwahiyo nayo inatoka mapema. Ila madigadi, keria, kifuniko cha cheni, kengele, taa, stendi, nembo ya mbele, hivi hata vikiwa na kutu na mikunjo havimuumizi mtu wala haviharibu kitu kingine, vinabaki. Na kwa kweli hivi ndio vinavyofanya ile baiskeli iwe ile.

Angalia kwamba muonekano haumo kwenye hayo maswali mawili. Kipuri kibaya cha kutazama kinaweza kuwa kizima kabisa na kinachong'aa kinaweza kuwa na ufa.

Fremu ina kutu, bado inafaa?

Mara nyingi inafaa sana. Kutu ya juu juu ya rangi ya kahawia ambayo ukisugua na brashi ya waya unakuta chuma kimenyooka haina shida. Kutu mbaya ni ile inayotoka magamba, au ile ya ndani ambayo huioni. Toa nguzo ya siti, geuza fremu, gonga chini uone kinachomwagika, ukiona magamba ya chuma yanatoka kama mchanga basi chukua kijinyundo kidogo na ugonge taratibu kufuata bomba, sehemu nzima inalia kwa sauti kali na sehemu iliyoliwa inatoa sauti butu. Zingatia sana bomba la chini karibu na ekseli ya pedeli, maji yote yanashukia hapo yanakaa. Sisi wa pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa ya chumvi inafanya hii kazi haraka kuliko bara, kwahiyo fremu ya Tabora na fremu ya Tanga za umri mmoja hazilingani.

Halafu pitisha kidole chini ya bomba la juu na bomba la chini, pale pale nyuma ya shingo. Ukihisi kikunjo, au rangi imepasuka kwa mstari wa kukata bomba, hiyo baiskeli iliwahi kugonga kitu kwa mbele. Fremu za chuma za aina hii zinaweza kunyooshwa baridi na fundi anayejua, mara moja, kama kikunjo ni kidogo. Ufa ni jambo lingine.

Ufa si unachomelewa tu?

Hapa nataka nieleweke vizuri. Fremu za Raleigh na za wenzake ziliunganishwa kwa soketi za chuma na kuyeyushiwa shaba ndani, ile joto lake ni la chini kuliko la kuchomelea kwa umeme. Mabomba yenyewe ni membamba. Ukipeleka kwa fundi wa mageti na madirisha akapiga umeme, anaunguza chuma pembeni ya kiungo, inaonekana nzito na imara, alafu inakatika sentimita mbili pembeni ya pale alipochomea. Kama lazima, tafuta fundi wa gesi anayejua kuchomea kwa shaba. Na ufa wa bomba la nyuma ya siti unaweza kutengenezwa hivyo, lakini ufa kwenye foki, hapana. Foki yenye ufa haichomelewi kwa namna yoyote, inatolewa na inakatwa katikati ili mtu mwingine asije akaiokota akaifunga.

Foki imerudi nyuma kidogo, niiache?

Ikiwa imepinda ndiyo maana unaona tairi linakaribia bomba la chini. Itoe, angalia kile kibomba cha juu kinachoingia kwenye shingo, hasa pale chini kinapokutana na taji la foki, kisafishe mpaka chuma kionekane na utumie mwanga mkali. Kama hakuna ufa na kupinda ni kidogo, inanyooshwa. Kama ilishawahi kunyooshwa huko nyuma (utaona alama za bomba lililotumika kuipindulia) basi tafuta nyingine. Chuma kinachopindwa na kurudishwa mara kwa mara kinachoka.

Gololi na beringi, kipi hasa kinabadilishwa?

Gololi zenyewe badilisha kila unapofungua, usijadili. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye baiskeli nzima, na gololi iliyolika hata kidogo tu inaachia wenzake mzigo wote. Ila nunua saizi sahihi na zote za pakti moja: kwenye habu ya nyuma ya kawaida na kwenye ekseli ya pedeli ni robo inchi, habu ya mbele mara nyingi ni inchi 3/16, shingo ya Raleigh ni 5/32. Usichanganye mpya na za zamani kwenye bakuli moja.

Kazi iko kwenye koni (ile nati ya mviringo ya kwenye ekseli inayobana gololi) na bakuli (kikombe gololi zinamokaa). Osha na mafuta ya taa mpaka pakauke pasafi, halafu tazama ile njia gololi zinapopita. Utaona mstari. Mstari unaong'aa, laini, upana sawa kuzunguka wote, huo ni mzuri, hiyo koni imejitengenezea njia na inaweza kuendelea miaka mingi mingine, usiitoe hata kama muuzaji anakuonyesha mpya inavyometameta. Lakini ukiona vishimo vidogo vidogo, au gamba dogo limebanduka, pitisha ncha ya kalamu ya wino taratibu juu ya ule mstari, ikikwama hata sehemu moja hiyo koni imekwisha. Ngozi ngumu ya juu imetoboka, chini yake ni chuma laini, na kuanzia hapo itakula gololi mpya zote utakazoweka.

Koni zinalika kabla ya bakuli karibu kila mara, na hiyo ni bahati sababu koni inafunguka kwa spana tu, bakuli la habu limegongelewa ndani. Kwahiyo mtu anayebadilisha koni mapema anaokoa habu. Anayeacha ikwaruze kwaruze mwaka mzima anakuja kununua habu, na akinunua habu anasuka upya gurudumu lote.

Bakuli la kulia la ekseli ya pedeli halifunguki kabisa, fundi anataka kutumia patasi.

Mwambie asubiri. Kwenye baiskeli za kipimo cha Kiingereza bakuli la upande wa cheni lina uzi (ile mikato ya skrubu) wa kinyume, linafunguka kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa, na mabakuli mengi yameharibiwa na watu waliokuwa wanakaza wakidhani wanafungua. Pili, jiulize kwanini unalitoa. Ukishatoa ekseli unaweza kulisafisha likiwa hapo hapo, mulika na tochi kupitia upande wa kushoto, kama njia ya gololi ni laini liache lilale hapo lilipo.

Na kama ni Raleigh ya Uingereza uwe makini mara mbili. Kipimo cha kawaida cha Kiingereza ni nyuzi 24 kwa inchi, Raleigh wao walitumia nyuzi 26, kwenye ekseli ya pedeli na kwenye shingo pia. Bakuli la kawaida litaingia mzunguko mmoja au miwili halafu linakaza, fundi mwenye nguvu atalisukuma liingie na hapo uzi wa fremu ndo umeharibika. Humber na Rudge nyingi zina kipimo hicho hicho maana Raleigh waliinunua Humber mwaka 1932 na Rudge mwaka 1943, za baada ya hapo ni za nyumba moja. Chukua bakuli lako la zamani nenda nalo dukani, yalinganishe uzi kwa uzi, na jipya lazima liingie kwa vidole mpaka mizunguko kadhaa kabla hujashika spana.

Kwa sababu hii hii bakuli la zamani la Raleigh lenye hali nzuri ni mali, usilitupe hata kama baiskeli yako hailihitaji.

Krenki inagonga "tok" kila nikikanyaga. Nibadilishe krenki?

Karibu kila mara ni kotapini, na kabla ya kulaumu krenki ifanyie jaribio hili: shika breki, weka pedeli zote usawa wa ardhi, kanyaga kwa uzito, halafu zungusha nusu mzunguko ukanyage tena. Ikicheza, toa pini utazame ule ubapa wake. Pini nzima ubapa wake ni tambarare toka mwanzo mpaka mwisho. Pini iliyochoka ina ngazi, utaona kabisa kidaraja pale ekseli ilipokuwa inakandamiza, na ukipitisha ukucha unadunda. Pini yenye ngazi usiirudishe hata kwa siku moja, maana ikiendelea kucheza inakula mfereji wa ekseli na kupanua tundu la krenki, na hapo sasa ndo utabadilisha krenki kweli.

Pini nyingi za Kiingereza ni milimita 9.5, zipo baiskeli za kwingine zinazotumia 9, pima kabla. Pini mpya ubapa wake unaweza usikae sawa na mfereji, kwahiyo unapiga tupa kidogo, unajaribu, unaangalia alama ya kugusana, unapiga tena, mpaka ubapa wote uguse. Pini mbili zinaingia kwa pande zinazopishana, ukiziweka upande mmoja krenki hazitanyooka kwa mstari mmoja. Na nati siyo ya kuvutia pini iingie, uzi wake ni mdogo unakatika, pini inagongwa iingie huku chini ya krenki umeegemeza bomba zito au gogo gumu ili nguvu isiende kwenye gololi, nati inakuja kushikilia tu. Tembea nayo kidogo, rudi, gonga tena, kaza nati. Kuna pini za chuma laini sana sokoni, unazijua kwa tupa, inaingia kama kwenye sabuni. Hizo ziache.

Cheni inaonekana nzima ila ni ya zamani, nipimeje?

Kwa rula. Pima kutoka katikati ya pini moja mpaka katikati ya pini nyingine, pingili 24, cheni mpya inakuwa inchi 12 kamili yaani milimita 304.8. Ikiwa imezidi kama 1/16 ya inchi bado ipo, anza kutafuta nyingine. Ikizidi 1/8 imechelewa, na meno tayari yameanza kufuata.

Sproketi ndogo ya nyuma ndo inateseka. Meno yakiwa na ncha kali na yameinama upande mmoja kama mawimbi, itoke, sababu cheni mpya juu ya meno hayo inaruka ukikanyaga mlimani. Ila kama una habu ya giya yenye sproketi ya vidole vitatu inayoshikwa na pete ya waya, kabla hujanunua igeuze tu upande wa pili, meno yanapata uso mpya. Sproketi kubwa ya mbele, ile ya Raleigh yenye ndege korongo waliochongwa ndani, ni ya chuma kizito inakaa miongo, mara nyingi inachohitaji ni kunyooshwa jino moja moja lililopinda. Usikubali kubadilishiwa kirahisi. Na kumbuka cheni za hizi baiskeli ni pana, inchi 1/8, ile nyembamba ya baiskeli za giya nyingi haiingii.

Habu yangu ya giya tatu inateleza. Fundi amesema imekufa.

Sijui kipuri kinachozikwa kikiwa hai kuliko hiki. Habu ya giya tatu iliyo kwenye nyingi ya baiskeli hizi, Sturmey-Archer AW, ilianza kuuzwa miaka ya 1930 na ndani yake haikubadilika sana kwa miongo mingi, kwahiyo vipuri vya habu moja vinaingia kwenye nyingine iliyotofautiana nayo umri wa mtu mzima. Kampuni iliuzwa kwa SunRace ya Taiwan mwaka 2000 na jina bado linaendelea.

Kabla ya kuifungua fanya haya kwa mpangilio. Tia mafuta kwanza, ina kijitundu chenye kifuniko kwenye gamba (ganda la nje la habu), mafuta mepesi ya mashine matone kadhaa, subiri, zungusha, tia tena. Mafuta ya kula hapana kabisa, yanaganda yanakuwa gundi. Oil chafu ya injini nayo hapana, ina vumbi la chuma. Habu nyingi "zilizokufa" zimeganda mafuta ya zamani tu. Kisha rekebisha waya: weka giya ya pili, tazama kwenye kidirisha cha ile nati ndefu ya kulia, mwisho wa kijichuma kinachovutwa na kicheni unatakiwa ulingane na mwisho wa ekseli. Ikiwa nje ya hapo habu itateleza hata kama ndani ni mpya.

Kati ya giya ya pili na ya tatu kuna sehemu ambayo haishiki popote, ukiwa umesimama juu ya pedeli ikaingia hapo unaangukia bomba la juu au usukani. Kwahiyo habu inayoteleza usiendelee kuiendesha ukisema utaizoea.

Ikiwa bado, fungua. Mara nyingi ni vile vikucha na springi zake nyembamba kama unywele, makali ya kucha yamekuwa mviringo. Hivyo vinabadilishwa, gamba na magiya ya ndani vinabaki. Gamba lenyewe litupwe tu kama njia ya gololi imebanduka au flenji (ukingo wa habu unaoshika spoki) imepasuka kwenye tundu la spoki.

Eti ile namba kwenye habu inaonyesha mwaka?

Ndiyo, kwa zile za baada ya vita vya pili. Ukiona AW halafu 58 halafu 3, habu imetengenezwa mwezi wa tatu 1958. Inakuambia umri wa habu. Kama gurudumu liliwahi kubadilishwa basi fremu inaweza kuwa ya mwaka mwingine.

Rimu na spoki je?

Toa tairi na ule utepe wa ndani, tazama matundu ya spoki kutokea ndani. Kutu ya pembeni inasafishwa, lakini tundu lililoliwa mpaka nipeli (kinati cha mwisho wa spoki) inataka kupenya, au rimu yenye ufa kutoka tundu kwenda tundu, hiyo imekwisha. Rimu iliyopinda pembeni inarudishwa kwa spoki, iliyobonyea kwa shimo la barabara inanyooshwa ikiwa kidogo, tena kwa breki za vyuma unapata nafuu maana raba zinakandamiza uso wa ndani wa rimu wala siyo ubavuni.

Spoki: moja ikikatika weka moja. Zikianza kukatika mfululizo, kwenye kona pale habuni, upande wa cheni, basi zote zimechoka pamoja, suka upya na spoki mpya zote. Baiskeli za Kiingereza za aina hii zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, hesabu matundu kabla hujalipa.

Tairi za saizi hii bado zipo?

Zipo. 28 x 1½ inatengenezwa bado kwasababu baiskeli za India na China za muundo huu huu zinaitumia. Shida ni majina. Tazama namba ya milimita ubavuni: 28 x 1½ ni 635, ile 28 ya baiskeli za kisasa ni 622 haikai. Vile vile 26 x 1⅜ ya Raleigh ndogo ni 590, na 26 ya baiskeli ya milimani ni 559, jina moja vitu viwili. Tairi la zamani lenye nyufa ubavuni litoke hata kama kashata zake ni nzima, raba imekufa.

Breki za vyuma nizitoe niweke za waya?

Usizitoe. Badilisha raba, kila mara, raba ya zamani inakuwa ngumu kama kwato na haishiki. Kisha pitia kila kiungo, vile vipini na skrubu ndogo, vikicheza weka vipya, ondoa kutu kwenye vijibomba vinavyoongoza vyuma kwenye usukani, tia mafuta. Chuma kirefu chenyewe hakiliki kirahisi. Kifaa cha kutupa hapa ni kile kinachobana raba kikiwa kimepanuka mpaka raba inaweza kuchomoka, maana ikichomoka huna breki. Ujue pia kwamba rimu ya chuma ikilowa breki inashuka sana, hata kila kitu kikiwa kipya, mvua ikinyesha anza kubana mapema.

Siti ya ngozi imekauka na kupasuka pasuka.

Nyufa za juu juu zinaishi. Brooks wa Birmingham, ambao walianza mwaka 1866, siti zao ngozi ni nene kiasi kwamba unaweza kuihuisha na mafuta maalum ya ngozi kidogo kidogo, siku kadhaa, siyo kuilowesha. Ikilegea kuna nati ya mbele, kaza robo mzunguko basi. Inayokufa ni ile iliyochanika kwenye rivet, ingawa hata hapo ukiwa na fremu na springi nzima fundi viatu mzuri anaweza kukata ngozi mpya nene na kuipigilia rivet za shaba. Springi au reli iliyokatika usichomelee, inakatikia pale pale.

Nipake rangi upya?

Mimi nakushauri usipake. Rangi ya kiwandani na ile mistari ya dhahabu iliyochorwa kwa mkono ukishaifuta haipo tena. Safisha kwa sabuni ya kawaida, kutu ndogo ndogo isugue, zuia kwa nta au mafuta mepesi. Kromu yenye kutu isugue na foili ya jikoni iliyoloweshwa maji, inaondoa kutu bila kukwaruza kama msasa. Na kama lazima uondoe rangi usipige msasa mkavu, rangi za enzi hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi na lile vumbi ukilivuta linadhuru, watoto hasa. Lowesha maji.

Kipuri cha zamani kilichotumika au kipya cha bei rahisi?

Kwa vitu vya chuma vinavyobeba mzigo, krenki, koni, habu, sproketi kubwa, mimi nachukua cha zamani kilichopimwa na kuonekana kizima. Kwa raba, tairi, tyubu, gololi, waya, kotapini, cheni, nachukua kipya. Mtu akikuletea usukani au shingo ya aluminiamu ya zamani usiyojua historia yake, kataa, aluminiamu inachoka bila kuonyesha dalili na ikikatika inakatika yote.

Baiskeli yangu inabeba magunia ya mkaa na wakati mwingine abiria. Vipimo ni hivyo hivyo?

Hapana, punguza uvumilivu. Koni yenye kishimo kimoja ambayo mzee anayeenda nayo msikitini angeivumilia wiki mbili, wewe usiivumilie. Spoki za nyuma zikaguliwe kila wiki kwa kuzibana mbili mbili kwa vidole, ekseli ya nyuma itolewe na kuviringishwa juu ya kioo kuona kama imepinda, keria iangaliwe pale inapofungwa kwenye fremu. Na ukibeba mtu, breki zote mbili lazima zifanye kazi, ya mbele na ya nyuma. Yeye hakuchagua kupanda baiskeli yenye breki moja.

Vile nilivyovitoa nivipeleke wapi?

Vyenye ufa vikate. Vilivyolika lakini vizima vioshe, vipake grisi, vifunge kwenye karatasi na uandike umetoa kwenye baiskeli gani na kwanini. Bakuli la nyuzi 26, nati ndefu ya kidirisha, kifuniko kidogo cha tundu la mafuta, siku moja fundi wa mtaa wa pili atakuwa anakitafuta hicho hicho na hakuna duka lenye nacho.